Oili ya pikipiki: jinsi ya kuchagua inayofaa klachi na gia

Maswali ni yaleyale, yanabadilika sura tu. "Naweza kuweka oili ya gari kwenye Boxer?" "Nimebadili oili jana, leo klachi inateleza, tatizo nini?" "Muuzaji anasema hii nyekundu ndiyo nzuri, kweli?" "Oili ya giaboksi naimimina wapi, mbona sioni tundu lake?" Majibu nimeyaweka hapa yote, kwa mpangilio utakaoufuata ukiwa dukani na baadaye ukiwa umechuchumaa kando ya pikipiki na spana mkononi.

Mwenye haraka achukue hili kwanza. Kama una pikipiki ya kawaida ya gia yenye injini ya 4T, yaani ya mipigo minne, iwe Boxer, TVS HLX, Honda CG au mojawapo ya za Kichina zenye injini ya aina hiyo, nunua chupa yenye vitu vitatu: neno 4T, uzito uliotajwa kwenye kitabu chako (namba kama 20W-50), na alama ya JASO, kiwango cha Japani, ya daraja la MA au MA2. Ikikosa hiyo alama ya JASO, irudishe kwenye rafu hata kama ni ya bei kubwa.

Kwa nini oili ya gari ni jambo jingine

Kwenye gari la gia za mkono, klachi huwa kavu, giaboksi ina oili yake, na injini ina yake. Kwenye pikipiki nyingi vyote vitatu vimo ndani ya kasha moja na vinaoga oili moja. Klachi yenyewe ni rundo la pleti: moja ya chuma, moja yenye vipande vya msuguano, moja ya chuma, hivyo hivyo hadi mwisho, zimebanwa pamoja kwa springi. Ukiachia mkono wa klachi, zinashikana na nguvu ya injini inafika kwenye gia.

Oili inadaiwa kazi mbili zinazogombana. Pistoni na gia zinataka utelezi, pleti za klachi zinataka kushikana. Oili nyingi za kisasa za gari, hasa zile nyepesi, zimetiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kemikali hizo zikiingia kati ya pleti, klachi inaanza kupita bila kushika. Gia nazo zina madhara yao: meno yake yanapokutana yanaikatakata oili, na oili isiyotengenezwa kwa kazi hiyo inapoteza uzito wake mapema. Nadharia inayohitajika ni hiyo tu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kitabu cha pikipiki. Kama uliinunua mkononi mwa mtu bila kitabu, safisha kava la injini kwa kitambaa na usome. Pikipiki nyingi zina kiasi cha oili kilichochongwa au kubandikwa hapo karibu na mfuniko wa kujazia.
- Chupa ya oili sahihi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinakula karibu lita moja, nyingine pungufu kidogo, nyingine zaidi kidogo.
- Spana inayokaa barabara kwenye nati ya kumwagia. Kwa nyingi ni namba 17, lakini ipime kwanza.
- Washa mpya ya nati hiyo. Ni kitu cha bei ndogo sana na ndicho kinachozuia uvujaji.
- Beseni au kidumu kilichokatwa ubavu, faneli safi, kitambaa kisicho na mchanga.
- Kikombe cha vipimo au chupa yenye alama za mililita.
- Stendi ya kati, au mtu wa kuishika pikipiki isimame wima.

Hatua kwa hatua

1. Jua pikipiki yako ina mfumo gani. Usinunue kitu kabla ya hapa. Makundi ni manne.

La kwanza ni 4T ya gia yenye mkono wa klachi. Bodaboda karibu zote ziko hapa: oili moja kwa injini, klachi na gia. Hakuna tundu la pili la "oili ya giaboksi", kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta.

La pili ni 4T ya gia isiyo na mkono wa klachi, unakanyaga gia tu, kama Honda za familia ya Cub. Watu wengi wanadhani hizi hazina klachi. Zinayo, na nayo imo ndani ya oili. Zihesabu sawa na kundi la kwanza.

La tatu ni skuta za mkanda. Klachi yake ni kavu na iko nje ya oili ya injini. Hapa JASO MB, daraja la oili telezi, inafaa, kwa sababu hakuna pleti za kuteleza. Gia za nyuma zina oili yake ndogo, chini ya robo lita, na kitabu ndicho kinachosema ni ya aina gani.

La nne ni 2T, yaani injini ya mipigo miwili, kama Yamaha AG100, DT125 na Suzuki TF125, ambazo mabwana shamba na watumishi wa afya vijijini wamezitumia miaka mingi. Kwa hizi giaboksi na klachi zina oili yake kweli, na oili ya 2T inakwenda kwenye tenki lake dogo ili iungue pamoja na petroli. Usimimine 2T kwenye giaboksi. Humo inaingia oili ya aina ya injini yenye uzito unaotajwa kwenye kitabu, nyingi ni 10W-30 au 10W-40, na kwa kuwa klachi imo humo humo, chagua yenye JASO MA.

2. Chukua uzito kwenye kitabu, usiuchukue kijiweni. Uzito ndio namba kama 20W-50 au 10W-30. Ya mbele, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya nyuma inaeleza inavyobaki nzito injini ikishapata moto. Boxer nyingi zinatajiwa 20W-50. Baadhi ya TVS na Honda mpya zinatajiwa 10W-30.

Kosa kubwa hapa ni imani kwamba nzito siku zote ni bora kwa sababu nchi yetu ina joto. Injini iliyotengenezwa kwa 10W-30 ina njia za oili zilizopimwa kwa wepesi huo. Ukiijaza 20W-50, asubuhi ya Makete au Limuru oili inachelewa kufika juu, na pleti za klachi zinagandana hata ukibana mkono wote. Kinyume chake pia ni kosa: 10W-30 kwenye injini ya 20W-50 inayobeba mizigo Dar es Salaam au Mombasa kutwa nzima itakuwa nyepesi mno.

3. Igeuze chupa usome mgongo wake. Mbele ni matangazo, nyuma ndiko kuna habari. Tafuta vitu hivi kwa mpangilio huu.

JASO kwanza. Ni kiwango cha Japani, na kile cha oili za pikipiki za 4T, T903, kilianza mwaka 1998. Kwenye chupa iliyosajiliwa utaona kijisanduku kidogo: sehemu ya juu ina namba ya usajili inayoanza na herufi M, chini yake herufi za daraja, MA, MA1, MA2 au MB. Oili zote za MA zimepimwa kwa klachi ya pleti na kuonekana zinashika. Mwaka 2006 daraja hilo liligawanywa: MA2 ndiyo inayoshika zaidi, MA1 inafuata. MB ni telezi, ya skuta. Kwa bodaboda inayopanda milima na abiria pamoja na gunia, mimi huchagua MA2 bila kusita, na kama duka lina MA tu, naichukua pia bila wasiwasi. Tofauti kati ya MA na MA2 si ya kukukosesha usingizi. Ya kuogopa ni ile kati ya MA na MB.

Kisha API, kiwango cha Marekani cha oili za injini. Hapa utaona herufi mbili kama SG, SJ, SL, SM au SN. Ya pili ikienda mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. Kitabu kikisema SL, basi SL au ya baada yake inafaa, mradi JASO MA ipo. API peke yake haisemi lolote kuhusu klachi, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: wanaona SN, wanaona ni ya juu, wananunua oili ya gari.

Mwisho, angalia alama ya duara ya API. Ikiwa nusu ya chini ya duara imeandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, hiyo chupa haiendi kwenye klachi yenye kuoga oili. Maneno hayo yanakuambia wazi kwamba kemikali za kupunguza msuguano zimo.

Rangi iache. Nyekundu, kijani, ya dhahabu, rangi haina kipimo chochote ndani yake.

4. Amua kati ya oili ya kawaida, nusu sintetiki na sintetiki. Kwa klachi, zote tatu ni salama zikiwa na MA au MA2. Maneno kwamba sintetiki inatelezesha klachi hayana msingi, kinachotelezesha ni kemikali zilizoongezwa. Kwa pikipiki ya cc 125 inayobadilishwa oili mara kwa mara, ya kawaida yenye alama sahihi inatosha. Ni heri ubadili ya kawaida kwa wakati kuliko kununua ya ghali kisha ukaivuta hadi iishe nguvu.

5. Hakikisha si feki. Oili iliyotumika huchujwa, ikatiwa kwenye chupa halali iliyookotwa, ikauzwa kama mpya. Ukague mfuniko: pete ya chini iwe nzima, na karatasi ya ndani ya mdomo iwe imeshikamana pande zote. Tazama namba ya toleo na tarehe, viwe vimepigwa chapa, visiwe vya kufutika kwa kidole chenye petroli. Lebo iliyopinda, yenye mapovu au maneno yaliyokosewa ni dalili mbaya. Tafuta alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, ila jua kwamba mwenye kughushi chupa anaweza kughushi na alama, kwa hiyo nunua kwa wakala au duka ambalo utaweza kurudi kesho na kumkuta muuzaji yuleyule. Oili ya kupima kwenye pipa sishauri hata kidogo. Chupa ikiisha, itoboe kabla ya kuitupa ili isirudi dukani ikiwa na kitu kingine.

6. Pasha injini moto, kisha mwaga. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Lengo ni oili iwe nyepesi na ichukue uchafu, si ikuunguze mkono. Zima, weka beseni, fungua mfuniko wa juu ili hewa iingie, halafu legeza nati ya chini. Pikipiki ikiwa wima, subiri mpaka mchirizi uwe matone, kisha matone yakawie. Kama injini yako ina chujio la wavu chini, litoe ulioshe kwa petroli. Ukikuta springi nyuma yake, angalia ilivyokaa kabla hujaitoa.

Usisuuze injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Najua gereji nyingi zinafanya hivyo. Kinachobaki ndani kinachanganyika na oili mpya na kuipunguzia uzito, na pleti za klachi zinakinyonya.

7. Soma oili iliyotoka. Chovya kidole, sugua kwa gumba juani. Nyeusi si tatizo, ndiyo kazi yake. Vumbi laini la kung'aa kidogo kwenye injini mpya ni kawaida. Lakini ukiona vipande vinavyokwaruza, hivyo ni vya gia au beringi. Ukiona chembe nyeusi au za kahawia laini kama unga wa gome, na harufu ya kuungua inayokaa puani, hizo ni pleti za klachi zinakwisha, na oili mpya haitazirudisha.

8. Funga, jaza, pima. Weka washa mpya, ianze nati kwa vidole mpaka mwisho, ndipo uikaze kwa spana kwa nguvu ya wastani. Kasha la injini ni aluminiamu: ukikaza kwa kurukia spana, nyuzi zitang'oka na utajikuta unamlipa mchongaji.

Jaza kiasi cha kitabu pungufu kidogo, washa injini dakika mbili, zima, subiri dakika mbili au tatu, kisha pima ikiwa wima. Kwenye kioo, oili isimame kati ya mistari miwili. Kwenye kijiti, fuata kitabu: Honda nyingi na za aina yake, kijiti kinachovya tu bila kukizungusha. Ongeza kidogo kidogo. Kujaza kupita kiasi ni kosa linalofanywa kwa nia njema na lina madhara: kranki inaipiga oili mpaka ifanye povu, inatoka kwa bomba la kupumulia hadi kwenye chujio la hewa, na klachi inakuwa nzito kuachia.

9. Ijaribu klachi kabla ya kubeba abiria. Kwanza hakikisha waya una ulegevu. Kwa pikipiki nyingi ncha ya mkono iende milimita 10 hadi 20 kabla klachi haijaanza kuvutwa. Kisha nenda kwenye mwinuko, weka gia ya tatu au ya nne, fungua resi kwa ghafla. Mlio ukipanda pamoja na mwendo, klachi inashika. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, inateleza.

10. Andika kilomita. Kwa mkanda wa karatasi chini ya siti au kwenye simu. Pikipiki mpya inabadilishwa mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000 kama kitabu kinavyosema, kwa kuwa chuma kipya kinasagika. Baada ya hapo fuata kitabu, lakini kwa bodaboda ya kutwa kwenye vumbi, foleni na mizigo, mimi nashauri usizidi kilomita 2,000 kwa oili ya kawaida. Oili chafu ihifadhi kwenye kidumu uipeleke gereji wanakoikusanya. Usiimwage mtaroni.

Usichanganye wala kuongeza hivi

Oili ya gia ya 90 au 80W-90, hata kama jina lake linakuvuta, si ya injini ya bodaboda. Namba zake ni za kipimo kingine: 90 ya gia inakaribiana na 40 au 50 ya injini. Tofauti iko kwenye kemikali zake, hasa zile za GL-5 (daraja mojawapo la oili za gia), ambazo hazikutengenezwa kwa moto wa injini wala kwa pleti za klachi.

Dawa za kuongezea oili, zile chupa ndogo zinazoahidi kupunguza msuguano, zinafanya kile kile tunachokikimbia tangu mwanzo.

Oili ya lori ya 15W-40 na oili nzito ya gari ya 20W-50 zinahitaji jibu la haki. Nyingi hazina kemikali za kutelezesha kama zile nyepesi, na kuna watu wamezitumia bila klachi kuwasumbua. Zipo hata chache za dizeli zenye alama ya MA. Ila isiyo na alama hiyo hujathibitishiwa chochote, na kiwanda kinaweza kubadili mchanganyiko bila kubadili chupa. Ukiwa porini, oili imeshuka chini ya mstari, na duka lina hiyo tu, ongeza ufike. Kukosa oili kunaua injini haraka kuliko oili isiyo sahihi. Ukifika, mwaga.

Ikileta shida baada ya kubadili

*Klachi inateleza mara tu baada ya kubadili oili.* Angalia waya kwanza, huenda umekaza sana. Waya ukiwa sawa, soma tena chupa. Kama ni MB au ya gari, mwaga yote, weka MA2, tembea kilomita 300 hivi kwa upole, mwaga tena, jaza upya MA2. Pleti zisizoungua mara nyingi hurudi kushika. Zikiungua, ukifungua kava utaziona: vipande vya msuguano vimekuwa vyeusi na vinang'aa kama vimepigwa rangi, na pleti za chuma zina madoa ya bluu. Hizo badilisha seti nzima pamoja na springi, na pleti mpya ziloweke kwenye oili hiyo hiyo ya MA2 usiku kucha kabla ya kuzifunga.

*Gia ngumu, nyutro haipatikani.* Kama ilianza taratibu kadiri kilomita zinavyoongezeka, oili imepoteza uzito, badili. Kama imeanza siku uliyobadili, umejaza kupita kiasi, umeweka nzito mno, au waya una ulegevu mwingi na klachi haiachii yote.

*Asubuhi ukiweka gia ya kwanza pikipiki inaruka mbele.* Pleti zimegandana kwa oili baridi. Kabla ya kuwasha, bana klachi na uisukume pikipiki hatua chache ikiwa ndani ya gia. Ikiendelea hata injini ikiwa moto, ni waya au pleti zilizopinda.

*Oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa.* Maji yameingia, aidha kwa kuvuka mto au kuosha kwa presha mfuniko ukiwa umelegea. Usiendelee kutembea. Mwaga, jaza, washa dakika chache, mwaga tena, rudia mpaka itoke safi.

*Oili inapungua bila kuvuja chini.* Tazama moshi. Wa bluu nyuma ya pikipiki ni ringi au sili za valvu, na hapo kuhamia oili nzito zaidi kunaficha tatizo kwa wiki chache huku klachi na gia zikiteseka. Kila asubuhi ipime, ongeza MA2 ya uzito uleule, na panga fedha za kufungua kichwa cha injini.